Otenyo Hana Kaburi. Tumpandie Mti

Wadau, leo ni mambo ya miti. Usitoroke kwanza. Najua hii stori imekuchosha. Tangu serikali itangaze kwamba nchi itapanda miti bilioni 15 kufikia 2032, kila mheshimiwa ana picha ameinama na jembe, gambuti mpya, mche umeshikiliwa na mtu mwingine. Picha ikishapigwa gari linawaka, na mche unaachiwa mbuzi.

Mimi siongelei miti ya aina hiyo. Naongelea mti wenye jina. Mti unaopandwa ili mtu aliyepigania hii nchi, akalipa kwa uhai wake, asisahaulike. Na swali langu kwa sisi Abagusii ni moja tu: mti wa Otenyo uko wapi? Na kama haupo, tunangoja nani aje kutupandia?

Otenyo ni nani?

Kwa wale ambao jina hili walilisikia darasani mara moja likapita, wacha nieleze.

Waingereza walipofika huku kwetu, Abagusii hawakuwapokea na nyimbo. Mwaka wa 1905 jeshi la wakoloni lilikuja Kitutu, bunduki dhidi ya mikuki, na watu wetu zaidi ya mia moja wakauawa. Mifugo ikachukuliwa. Baada ya hapo wakajenga boma lao mahali ambapo leo ni Kisii mjini. Ndiyo maana wazee bado wanapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu.

Aliyewekwa kusimamia boma hilo aliitwa G.A.S. Northcote. Jina lilikataa mdomoni, kwa hivyo wazee wakamwita Nyarigoti. Mwanzoni mwa 1908 alikuwa na miaka 26. Ishike hiyo namba. Huyu aliyekuwa anaamua nani alipe ushuru na ng'ombe wa nani wachukuliwe alikuwa kijana tu, karibu rika yetu.

Kulikuwa pia na mama mmoja, Moraa wa Ng'iti, mtabiri na mganga. Moraa alisema wazi kwamba hawa wageni hawakuja kutembea, na akawachochea vijana wasikae wakitazama nchi ikienda. Otenyo Nyamaterere alikuwa jamaa yake wa karibu. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki.

Northcote hakufa. Lakini Waingereza walileta jeshi la pili, na hili la pili halikuja kuuliza maswali. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa mpaka wakubwa wenyewe huko London wakashtuka. Ripoti iliyofika huko ilisema Abagusii 160 walikuwa wameshauawa, na upande wa jeshi hakukuwa na hasara mpya. Winston Churchill, ndiyo, huyo huyo Churchill wa Vita vya Pili vya Dunia, wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni. Aliandika kwamba jambo hili linafanana na uchinjaji, na kwamba Bunge lao likipata habari mipango yao Afrika Mashariki itaharibika. Umeona? Damu yetu ilimsumbua, lakini habari kuvuja pia ilimsumbua.

Otenyo alishikwa akauawa. Wazee wetu wanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo kuna watu wetu wanaodai kirudishwe. Kaburi la Otenyo, mahali ambapo wewe na mimi tunaweza kwenda kusimama kimya dakika moja, halipo.

Na Northcote je? Alipona, akapanda vyeo. Kutoka 1937 hadi 1941 alikuwa Gavana wa Hong Kong, Sir Geoffry Northcote kamili, na chuo cha walimu huko kikapewa jina lake. Hebu pima mwenyewe. Aliyechomwa mkuki alipata chuo. Aliyeushika mkuki hakupata hata futi sita za udongo.

Mkoloni alijua kazi ya kaburi

Otenyo hayuko peke yake. Koitalel arap Samoei, aliyeongoza Wanandi kupinga reli na utawala wa Waingereza, aliuawa Oktoba 1905 katika mkutano alioitwa kama wa amani. Kwao pia kuna kilio hicho hicho cha kichwa kilichopelekwa ng'ambo. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa humo humo gerezani bila alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mifupa ya mume wake azike kwa heshima. Amefariki Mei 2023 bila kuonyeshwa.

Watu watatu, jamii tatu, hadithi moja. Hiyo si bahati mbaya. Mkoloni alielewa kitu ambacho sisi wakati mwingine tunasahau: kaburi ni mahali pa kukutania. Watu wakijua shujaa wao amelala wapi watakuja. Wakija watakaa. Wakikaa wataongea. Wakiongea sana wataamka. Kwa hivyo dawa ilikuwa kuficha mwili, watu wakose mahali pa kuelekeza miguu yao.

Sasa ukiniuliza mti wa kumbukumbu una kazi gani, nitakujibu hivyo hivyo. Unarudisha mahali. Mwili hatuna, lakini kivuli tunaweza kuwa nacho, na chini ya kivuli watu hukaa.

Lakini sisi si ni watu wa mawe?

Najua mtu wa Tabaka anayesoma hii ameshaanza kutikisa kichwa. Mti? Huku? Si tuchonge sanamu tumalize?

Kwa wasiotujua, Tabaka ndiyo nyumbani kwa mawe ya sabuni. Wanaume wanachimba na kuchonga, akina mama wanapiga msasa kwenye maji mpaka jiwe linang'aa, halafu mzigo unaenda Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Mzee wetu Elkana Ong'esa, msanii wa hapa hapa, kazi yake ya ndege wa amani iko Paris, makao makuu ya UNESCO. Kwa hivyo tukitaka kuchonga Otenyo tunaweza kuchonga Otenyo mpaka kope.

Na sipingi. Achongwe. Lakini angalia vile tunaishi na mawe. Tumechonga tembo na viboko ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona. Tumechonga sahani, vinara na vipande vya chesi kwa ajili ya nyumba ambazo hatutaingia. Jiwe tumelizoea kama kitu cha kuuza: likimalizika linafungwa kwenye gazeti, linaondoka. Na hata likibaki, sanamu ikishasimama kazi imekwisha. Itazinduliwa, utepe utakatwa, na baada ya miaka mitano mtu atakuwa anaegemea hapo akingoja bodaboda bila kujua ni nani huyo.

Mti hauna tabia hiyo. Mti wa mwaka wa kwanza unakuuliza kila wiki: leo nimekunywa maji? Nani amefungua zizi? Mbona magugu yamenifunika? Huwezi kuutunza mti miaka mitatu halafu usahau uliupandia nani. Mikono itakukumbusha hata kichwa kikisahau.

Tena kuna deni lingine. Haya mawe tunayatoa ardhini. Ukitembea Tabaka utaona mashimo tuliyoyaacha nyuma, mvua ikinyesha yanajaa maji, na watoto wanapita hapo kila siku. Ardhi hii imetulisha, imesomesha watu, imetujengea nyumba. Sijui kama kuna siku tuliirudishia kitu.

Miti yenye majina duniani

Usidhani nimeota hii idea usiku mmoja. Watu wamekumbuka mapinduzi yao kwa miti kwa muda mrefu.

Huko Boston, Marekani, kulikuwa na mti mkubwa ambao kuanzia 1765 watu walikuwa wanakutana chini yake kupinga kodi za Waingereza. Waliuita Mti wa Uhuru. Mwaka wa 1775 wafuasi wa mfalme wakaukata. Fikiria, vita vinaanza na watu wazima wanatafuta shoka kwa ajili ya mti. Walijua si kuni wanakata. Wafaransa nao walipopindua mambo yao kuanzia 1789, walipanda miti ya uhuru kwenye viwanja vya miji na vijiji vyao.

Karibu na sisi, Thomas Sankara wa Burkina Faso. Serikali yake ya mapinduzi ilisema ilipanda miti milioni 10 ndani ya miezi 15. Lakini kilichonigusa mimi ni jinsi alivyofanya miti kuwa desturi: harusi, ubatizo, mgeni amekuja, panda mti. Aliutoa mti kwenye sherehe ya serikali akauweka kwenye maisha ya nyumbani.

Zanzibar, 12 Januari inapokaribia, kupanda miti huwa sehemu ya shamrashamra za Mapinduzi ya 1964. Na hapo pia kuna funzo gumu. Mapinduzi yale kuna aliyepata ardhi na kuna aliyepoteza ndugu. Mti wa kumbukumbu ukipandwa, inabidi mtu aulize: unamkumbuka nani, na nani ameachwa nje ya kivuli?

Hapa kwetu Kenya, ukienda Uhuru Gardens Nairobi utaoneshwa mugumo uliopandwa pale bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Mugumo haukuchaguliwa ovyo. Kwa Wakikuyu ni mti mtakatifu, na wazee wao wanasimulia unabii wa Mugo wa Kibiru kwamba mugumo fulani wa Thika ukianguka, utawala wa Mzungu utaanguka nao. Waliochagua mti wa kupanda siku ya uhuru walijua wanaongea na watu gani.

Miti saba ya Kamukunji

Lakini kama unataka kuelewa hii kitu vizuri, mwalimu ni Wangari Maathai.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kutoka KICC hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba. Ilikuwa saba kwa sababu kila mti ulikuwa wa kiongozi mmoja wa zamani kutoka jamii za Kenya. Yaani hata ile Green Belt ambayo dunia nzima inaijua ilianza na miti ya kumbukumbu. Kabla haijawa habari ya mvua na udongo, ilikuwa habari ya majina.

Na sasa sehemu ambayo watu hawapendi kusimulia: mingi ya ile miti saba haikupona. Uwanja wa mjini, watu wengi, hakuna wa kumwagilia. Jina zuri halizuii mti kukauka.

Wangari hakukata tamaa, alibadilisha hesabu. Green Belt ilipokwenda mashinani, akina mama walioanzisha vitalu walilipwa pesa kidogo kwa kila mche. Lakini sikiza vizuri hapa: hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa kwa mche uliopona. Ukipanda mia na ikakauka themanini, unalipwa ishirini. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama. Hiyo sheria moja ndogo ndiyo tofauti kati ya Green Belt na picha za waheshimiwa. Mwenye picha analipwa siku ya kupanda. Mama wa Green Belt alingoja mti mwenyewe utoe ushahidi.

Na hao akina mama wengi hawakuwa na masomo. Wataalamu wa misitu walikuja kuwafundisha kwa maneno makubwa mpaka wakachanganyikiwa, wakaamua kutumia akili zao za shambani na vyungu vilivyovunjika. Wangari, profesa, mwenye shahada ya udaktari tangu 1971, aliwaita wanamisitu wasio na diploma. Mimi chuo nilitoka mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo hilo jina nalipenda kuliko vile unafikiri.

Baadaye miti ya Wangari ikawa siasa kabisa. Mwaka wa 1989 alipigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60. Februari 1992 alikaa pale na akina mama waliokuwa wanadai watoto wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi wakaja na virungu na gesi, akina mama wakavua nguo kuwalaani, na Wangari akaamka hospitalini. Hawakuacha, na kufikia 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wametoka. Ile pembe ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi kesho. Januari 1999 akapigwa tena Karura, kosa lake likiwa kutaka kupanda mti kwenye msitu uliokuwa umegawiwa wakubwa. Na Oktoba 2004, habari ya Tuzo ya Nobel ilipomfikia akiwa Nyeri, alichofanya ni kuchimba shimo akapanda mti wa maua mekundu ukiangalia Mlima Kenya.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona Karura imesimama leo na watu wanakimbia humo Jumamosi na viatu vya bei, jua kuna mtu alipasuliwa kichwa.

Mti wa rambirambi

Sasa turudi kwa hii serikali ya bilioni 15. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nzima ya kupanda miti, lengo miti milioni 100 kwa siku moja. Halafu mafuriko ya 2024 yakaua watu zaidi ya 200, na 10 Mei 2024 tukapewa likizo nyingine: tuwakumbuke waliokufa kwa kupanda miti.

Nataka kuwa mkweli hapa. Wazo lenyewe ni zuri. Mtu aliyesombwa na maji kukumbukwa kwa mti, ambao kazi yake ni kushika udongo na maji, hiyo ina maana. Lakini ile siku ilipita na leo nikikuuliza unionyeshe mti mmoja, mmoja tu, wenye jina la mtu mmoja aliyekufa kwenye mafuriko, utanipeleka wapi? Tulihesabu miche. Majina hatukuyahesabu.

Mwezi mmoja na nusu baadaye ikafika 25 Juni 2024. Rika langu liliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kutoka Nairobi mpaka Kisii mjini. Bunge likaingiwa. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Kwa hiyo ushindi tulilipa: kufikia mwisho wa mwaka huo tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu angalau watu 60 waliouawa katika maandamano.

Wengi wao walikuwa rika ya Otenyo na Northcote wa 1908. Vijana.

Na hapa kuna hoja ambayo lazima niijibu, kwa sababu ni hoja ya maana. Kuna wanaosema: usituletee miti, tuletee haki. Mzazi ambaye mtoto wake alipigwa risasi hataki mche, anataka kujua nani alifyatua. Nakubali kabisa. Mti si risiti ya deni. Serikali ikija na mche mkono mmoja na mkono mwingine umefunika faili, hiyo si kumbukumbu, hiyo ni blanketi. Hata Otenyo ni hivyo. Mti hauondoi swali la kichwa chake kiko wapi.

Lakini angalia kinachotokea bila mti. Ni miaka mia moja na zaidi tangu Otenyo auawe. Kesi yake haijawahi kuisha, na walioijua kwa karibu wamekwisha. Haki inaweza kuchelewa kuliko maisha ya shahidi. Inahitaji kitu cha kuishikilia katikati hapo, mpaka ifike. Mti unaweza kuishi kuliko mimi, kuliko waziri, kuliko hata chama kinachotawala. Ukiwa na jina, unabaki pale ukiuliza lile swali mvua baada ya mvua. Kwa hivyo mimi sisemi mti badala ya haki. Nasema mti ili tusichoke kudai haki.

Nini tufanye Tabaka

Tarehe 20 Oktoba 2020 sherehe ya kitaifa ya Mashujaa ililetwa kwetu, Gusii Stadium. Rais alikuja, gwaride likapigwa, ndege zikapita juu. Ilikuwa heshima. Lakini heshima ya siku moja inaondoka na msafara wa magari. Ya kubaki lazima tuifanye wenyewe. Pendekezo langu ni hili.

Kwanza, mti wenyewe. Tafadhali usiniletee mkaratusi. Najua unakua haraka na una pesa ya nguzo na kuni, lakini huku Gusii tumeshaona unavyokunywa maji ya chemchemi na mito yetu, na tangu 2009, enzi za waziri John Michuki, serikali imekuwa ikisema ung'olewe kando ya mito. Huwezi kumkumbuka mtu aliyepigania ardhi kwa mti unaokausha ardhi hiyo hiyo. Nataka omotembe. Kila Omogusii anaujua: gamba nene lenye mikwaruzo, miiba, na maua mekundu kama moto yanayotoka wakati matawi hayana majani. Ni mti wetu, wazee waliutumia kwa dawa. Unarutubisha udongo. Na zuri zaidi, hauhitaji hata kununua mche. Unakata tawi nene, unalisimika, linaota. Mti ambao ukiukata tawi linaanza maisha upya, sidhani kuna wa kumfaa Otenyo kuliko huo.

Pili, mahali. Tuweke kandokando ya yale machimbo yaliyokwisha kazi, pale wenye ardhi wakikubali, na kwenye viwanja vya shule. Wa kwanza wa Otenyo. Wa pili wa Moraa, na usiniambie yeye ni wa pembeni, bila yeye hakuna mkuki. Kisha wengine kwa wale waliouawa 1905 na 1908 ambao hata majina yao hatuna, kwa sababu mtu asiye na jina pia ana haki ya kivuli. Na mingine kwa vijana wa 2024, familia zikitaka.

Tatu, jiwe. Hapa ndipo Tabaka tunawashinda wote. Chini ya kila mti, jiwe la sabuni lenye jina, mwaka, na mstari mmoja wa alichofanya, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Jiwe liseme, mti uishi. Moja bila lingine lina upungufu: jiwe peke yake linasahaulika, mti peke yake hauna jina.

Nne, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, mwenye mti. Kila mti uwe na watu wawili, mmoja mzee na mmoja mwanafunzi. Mzee anasimulia, mwanafunzi anamwagilia. Na tutumie sheria ya akina mama wa Green Belt: hakuna kupiga makofi siku ya kupanda. Makofi ni mwaka wa tatu, mti ukiwa hai.

Tarehe tayari tunazo. 10 Oktoba sasa ni Siku ya Mazingira, 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Siku kumi katikati. Tarehe 10 tunachimba na kusimika. Tarehe 20 tunarudi kuangalia kama bado wima, tunasoma majina kwa sauti, tunakaa chini tunaongea. Kila mwaka. Hiyo haihitaji bajeti ya kaunti wala mheshimiwa wa kukata utepe. Akija, karibu, lakini abebe maji.

Kuna mtu ataniambia mti utakatwa. Pengine. Boston ulikatwa. Ya Kamukunji mingi ilikauka. Ukikatwa tutajua kuna mtu jina hilo linamuuma, na tutasimika tawi lingine, omotembe matawi hayaishi. Mimi ninachoogopa kuliko shoka ni ile hali ya sasa, ambapo mtoto wa Tabaka anaweza kukutajia wachezaji wote wa Arsenal na wa akiba wao, lakini ukimwambia Otenyo anauliza ni bar iko upande gani.

Kwa hivyo, wenye machimbo, walimu wakuu, wachongaji, na nyinyi wazee mnaojua hizi hadithi kuliko mimi, naomba tuongee kabla ya Oktoba. Mwenye omotembe mkubwa shambani atukatie matawi. Mwenye mkono mzuri wa herufi ajitolee jiwe moja. Na wewe unayesoma ukiwa mbali, Nandi, Nyeri, Mombasa, Zanzibar, popote, niambie kwenu ni nani hana kaburi, na mti wenu wa kumpandia unaitwaje.

Mimi nakuja na jembe na mtungi wa maji. Kamera nitaileta mwaka wa tatu.